Kisomo cha Mwili kwa Watoto wa Shule: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya wazazi, magrupu ya WhatsApp ya madarasa, na kwa mama mmoja aliyenisimamisha getini mvua ikinyesha ili aniulize kwa nini mwanawe hajawahi kupangwa timu yoyote. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache. Si lazima usome yote. Nenda kwenye namba yako.

## Ya msingi

1. Kisomo cha mwili ni kitu gani?

Ni mkusanyiko wa mambo manne ndani ya mtu mmoja: hamu ya kuutumia mwili, kujiamini anapoutumia, uwezo wenyewe wa kuutumia, na uelewa wa kwa nini aendelee nao maisha yake yote. Aliyelifanya wazo hili lijulikane ni Margaret Whitehead, mwalimu na mwanafalsafa wa Uingereza, aliyeanza kulieleza mwaka 1993. Moja ya yaliyomsukuma ni kuona somo la michezo likiegemea kwa wenye vipaji huku wengine wakibaki watazamaji.

Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote. Nimechagua "kisomo" kwa makusudi. Wazee wa Tanzania wanaukumbuka mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yaliyofuata. Hakuna aliyemtaka bibi awe mwandishi wa vitabu. Alitakiwa aisome mwenyewe barua ya mwanawe, asimbembeleze mtoto wa jirani amsomee. Na mwili ni hivyo hivyo: hatumtafuti bingwa, tunamtafuta mtu ambaye akiwa na miaka 40 akialikwa kucheza mpira ufukweni hatasema "mimi siwezi, nitashika viatu vyenu".

2. Si ndiyo kipindi cha michezo tu hicho?

Hapana. Kipindi ni mahali, kama darasa la Kiswahili. Kisomo ni kile ambacho mtoto anaondoka nacho. Mtoto anaweza kuhudhuria vipindi vyote kwa miaka saba, akavaa bukta, akasimama pembeni ya uwanja, na akamaliza hajui kudaka mpira.

3. Stadi zenyewe ni zipi?

Shuleni tunazijua KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mwili nao una KKK zake: kukimbia, kuruka, kurusha. Kwa ukamilifu, stadi za msingi zina familia tatu. Ya kwanza ni kuuhamisha mwili: kukimbia, kuruka kwa miguu miwili, kurukaruka kwa mguu mmoja, kwenda ubavu ubavu, kubiringika. Ya pili ni kukimudu kitu: kurusha, kudaka, kupiga teke, kudunda mpira, kupiga kwa fimbo. Ya tatu ndiyo tunayoisahau, kusawazika: kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka bila kuanguka, kutua chini baada ya kuruka.

Michezo yote ya wakubwa imejengwa kwa vipande hivi. Mikono inayopiga smashi ya wavu ilijifunza kwanza kurusha jiwe juu ya mwembe.

4. Lakini si watoto hujifunza wenyewe wakikua?

Baadhi, ndiyo. Kukimbia hakuhitaji mwalimu mkubwa. Kurusha na kudaka kunahitaji, na hapa ndipo wazazi wengi hushangaa.

Jaribu leo jioni. Chukua mpira wa soksi, simama hatua kumi kutoka kwa mwanao, mwambie arushe kwa nguvu zake zote. Usiutazame mpira, tazama miguu. Mtoto anayetumia mkono wa kulia akitanguliza mguu wa kushoto, kiuno kikageuka kwanza na mkono ukafuata nyuma yake, huyo anasoma sentensi. Akitanguliza mguu wa kulia, au akisimama wima na kusukuma mpira kwa kiwiko kama anayefukuza kuku, huyo bado yuko kwenye silabi. Nimewaona wa darasa la saba walioko kwenye silabi, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Dawa yake ni ya dakika chache. Msimamishe ubavu, bega la kushoto likuelekee. Chora mstari chini, hatua moja mbele ya mguu wake wa kushoto, umwambie auvuke kwa mguu huo anaporusha. Usimweleze zaidi ya hapo, mstari utamfundisha. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, geuza kila kitu.

5. Mtoto acheze kiasi gani kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za wastani hadi kali, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli kali pamoja na za kuimarisha misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuvuta, kubeba. Shughuli ya wastani utaijua hivi: mtoto anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Shirika hilo lilipochambua takwimu za vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani, za mwaka 2016, lilikuta asilimia 81 hawafiki hapo. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 85, kwa wavulana 78. Kuhusu wasichana, tazama swali la 13.

Dakika hizo si lazima zije kwa mkupuo. Kumi asubuhi, ishirini mapumziko, thelathini jioni, hesabu imetimia.

## Nyumbani na mtaani

6. Mwanangu anatembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi. Bado haitoshi?

Kwa moyo na mapafu, anakushinda wewe na mimi. Usimwongezee mbio. Lakini kutembea kunafundisha kutembea: hakumpi kudaka, kurusha wala kutua kutoka juu. Mtoto huyu anahitaji mchezo, tena wa kucheka, na anahitaji kula kabla ya kucheza. Wapo watoto wanaoitwa wavivu kwenye kipindi cha saa tano asubuhi ilhali hawajatia kitu tumboni tangu jana usiku.

7. Hatuna uwanja, hatuna mipira. Tuanzie wapi?

Mnayo rede.

Nasema kweli, ukinipa nafasi ya mchezo mmoja tu wa kufundishia mwili mzima, nachukua rede. Wawili wanasimama huku na huku, mpira wa soksi au wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba unaenda na kurudi, na walio katikati wanakwepa. Kuna mitaa ambako aliye katikati anatakiwa pia ajaze mchanga kwenye chupa. Mtazame binti wa miaka tisa anapofanya hivyo: amechuchumaa, mkono unachota, jicho moja liko kwenye chupa na jingine kwa mrushaji. Mpira unapoachiwa anapinda mgongo kama samaki, anatua kwa mguu mmoja, anarudi kwenye chupa yake. Hapo kuna kusawazika, kubadili mwelekeo, kukisia mwendo wa kitu kinachokuja, na ujasiri wa kukaa katikati wakati wote wanakulenga. Wenzetu wa Kenya wana ndugu yake, kati, na pia bladha, utepe wa mpira unaovutika uliofungwa miguuni mwa wawili ili wengine waruke.

Kuruka kamba ni kwa mapafu na mifupa. Kombolela ni mbio fupi za nguvu na akili ya kujificha. Mdako, ambao watu huuona mchezo wa kukaa tu, unafundisha mkono kurusha kijiwe, kuokota kingine na kudaka cha kwanza kabla hakijagusa chini, na mwalimu wa darasa la kwanza atakwambia mkono huo huo ndio utakaoshika penseli. Kukimbiza tairi, kupanda mti, chandimu ya jioni, vyote vimo.

Tatizo la sasa ni kwamba michezo hii ilikuwa ikirithishwa na watoto wakubwa kwa wadogo, na mnyororo huo unakatika pale mtoto anapotolewa getini na basi la shule na kurudishwa getini jioni. Hivyo fundisha wewe. Kama umesahau, mwulize dada yako.

8. Simu na runinga je?

Usihangaike kuhesabu dakika za simu peke yake. Uliza simu imekalia nafasi ya nini. Ikiwa imekula usingizi, anza na hapo: wa miaka 6 hadi 13 anahitaji saa 9 hadi 11 za usiku, na kijana wa miaka 14 hadi 17 saa 8 hadi 10. Mtoto aliyelala saa sita usiku hacheki uwanjani.

9. Tunaishi Pwani. Kuogelea ni lazima?

Kwangu, ndiyo, na ni stadi pekee kwenye orodha hii inayoweza kumwokoa mtoto kwa mchana mmoja. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani, na anayeishi karibu na bahari, ziwa, mto au hata shimo la mchanga lililojaa maji ya masika yuko karibu na hatari hiyo. Jambo la ajabu la vijiji vyetu vya uvuvi ni kwamba wavulana hujifunza wenyewe kwa kuruka gatini, na dada zao wanaookota chaza na kulima mwani kwenye maji hayo hayo hawafundishwi.

Kabla ya mitindo, fundisha mambo matatu: kuelea chali bila kuhangaika, kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali, na kurudi ukingoni. Mafunzo yafanyike kwenye maji ya kifuani, na mtu mzima anayejua kuogelea awemo majini, si juu ya mwamba.

## Shuleni

10. Kipindi cha michezo kinachukuliwa na Hisabati. Mzazi afanye nini?

Aombe kuona ratiba, kisha aulize kwa upole ni lini mara ya mwisho kipindi hicho kilifanyika. Usiende kwa shari. Walimu wengi hawachukui kipindi kwa chuki. Wanapimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa na hakuna anayewauliza kuhusu kudaka mpira.

Hoja ya kwenda nayo ni kwamba mtaala unasema vingine. Tanzania, michezo ipo kwenye mtaala wa msingi pamoja na sanaa. Kenya, mtaala wa umilisi umeiweka pamoja na sanaa bunifu, na sekondari ya juu ina mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo. Tafiti nyingi zilizofanyika sehemu mbalimbali zinaonyesha muda wa michezo hauwashushi watoto darasani. Mara nyingine unawasaidia kutulia. Na kama shule yenu bado ina mchakamchaka wa asubuhi, usidhani ndio mbadala wa kipindi. Ni mwanzo mzuri wa siku, basi.

11. Mwalimu anawarusha kichurachura wanaochelewa. Si mazoezi hayo pia?

Ni adhabu. Na ni adhabu inayoharibu kitu tunachokijenga.

Fikiria mtoto anayeruka kichurachura kuuzunguka uwanja wa paredi, mapaja yanawaka, wenzake wanacheka dirishani. Mwili wake unajifunza somo: kuruka ni aibu, kuchoka ni fedheha. Saa mbili baadaye mwalimu huyo huyo, au mwenzake, anamwambia "haya, turuke, tufurahi". Atafurahije? Hakuna mwalimu wa Kiswahili mwenye busara anayesema "umechelewa, soma shairi mara hamsini", kwa sababu anajua atamfanya mtoto alichukie shairi. Pushapu za adhabu ni shairi hilo.

Kuna na upande wa tiba. Kuchuchumaa na kuruka mara nyingi kwa mtoto ambaye hajazoea, juani, bila maji, kunaweza kuumiza magoti na misuli. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zenye umbo la mundu, kunaweza kumpeleka hospitali (swali la 16).

12. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nimepewa kipindi cha michezo, darasa lina watoto 90 na mpira mmoja. Nifanyeje?

Kwanza pole. Pili, fanya hesabu. Kipindi cha dakika 40 ni sekunde 2,400. Ukipanga mstari mmoja na mpira mmoja, kila mtoto anapata chini ya sekunde 27, na dakika 39 zilizobaki anapigana na wa mbele yake. Kosa halikuwa upungufu wa mipira, ni mstari.

Wiki moja kabla, waambie kila mmoja aje na mpira aliotengeneza mwenyewe. Wiki ya kwanza utapata 50, na inatosha kwa jozi. Wapange wawili wawili, wametazamana kwa hatua nne, nafasi ya mikono miwili kati ya jozi na jozi, wote wakirushiana upande mmoja wa uwanja ili mipira isikatishe. Toa kazi moja tu: rusha chini ya bega, daka kwa vidole, si kwa kifua. Wakidaka mara tano mfululizo warudi nyuma hatua moja. Mpira ukianguka, wasogee mbele hatua moja. Hapo kila jozi inajipa ugumu wake, na asiyejua hafedheheki kwa sababu hakuna anayemtazama. Wewe zunguka, tazama miguu kama ilivyoelezwa swali la 4.

Usiwaache manahodha wawili wachague timu kwa zamu. Kila aliyewahi kubaki wa mwisho anakumbuka mpaka leo alikuwa amesimama wapi.

## Wasichana na balehe

13. Binti yangu alipenda sana kucheza, sasa yuko darasa la sita na hataki. Kuna nini?

Mara nyingi hajaacha kupenda kucheza, kimetokea kitu ambacho hajakisema. Uliza taratibu, bora aulize shangazi au dada. Kwa uzoefu wangu majibu huwa haya: matiti yameanza na hana sidiria ya kumshika, sketi ya shule inapanda akikimbia, wavulana wanamcheka, hedhi imeanza na shuleni hakuna choo chenye mlango wala maji, akirudi nyumbani saa kumi na moja kaka yake anaenda mpirani na yeye anasubiriwa na ndoo na sufuria.

Mengi ya haya ni ya kununua au kupanga, si ya kuhubiri. Suruali ya michezo chini ya sketi. Kipindi cha wasichana peke yao mara moja moja. Kaka ateke maji Jumanne na Alhamisi. Na kwa wanaosema stara na michezo haviendani, FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na shirikisho la kikapu la dunia likafuata mwaka 2017.

14. Acheze akiwa kwenye hedhi?

Akitaka, ndiyo. Hakuna madhara, na baadhi ya wasichana hupungukiwa maumivu ya tumbo wakijinyoosha na kutembea. Akisema leo hawezi, aaminiwe bila kuhojiwa mbele ya darasa. Maumivu yanayomlaza kila mwezi yaonwe na daktari.

15. Mwanangu ameshuka kiwango ghafla. Anajikwaa, goti linamuuma. Amerogwa?

Amekua. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 11 hadi 12, wavulana 13 hadi 14, na miguu ikirefuka haraka ubongo huchukua muda kuizoea. Kocha asimwondoe kikosini kwa miezi hiyo. Amrudishe kwenye stadi za swali la 3, hasa kusawazika.

Maumivu chini kidogo ya pia ya goti, panapojitokeza kifundo kigumu, huwapata sana wanaoruka na kukimbia wakati huu. Punguza kuruka, kanda kwa barafu, na kwa kawaida huisha anapomaliza kukua. Lakini goti lililovimba, maumivu yanayomwamsha usiku, homa, au kuchechemea kusikoisha, hayo si ya kukua. Nenda hospitali.

## Afya na ulemavu

16. Mwanangu ana pumu. Wa jirani ana selimundu. Wakae pembeni?

Wasikae pembeni moja kwa moja. Wacheze kwa mpango. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta uwanjani, si kabatini ofisini, na aanze taratibu kwa dakika kumi. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa, asiingie maji ya baridi, na asishindanishwe hadi kuishiwa nguvu. Kliniki yake ndiyo itakayosema mipaka. Mtoto yeyote anayezimia au kupata maumivu ya kifua katikati ya mbio asirudi uwanjani mpaka moyo wake upimwe, hata kama dakika tano baadaye anacheka.

17. Mtoto mwenye ulemavu ahusishwe vipi?

Mwulize yeye kwanza. Mara nyingi ameshagundua njia, ila hakuna aliyemwuliza. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu kinataka watoto hawa washiriki michezo sawa na wenzao, pamoja na ile ya ndani ya shule, kwa hiyo kumpa kazi ya kutunza nguo za wachezaji hakutoshi.

Kwa mtoto mwenye ualbino, kipindi kiwe asubuhi au kivulini, kofia pana na mikono mirefu, na kwa kuwa wengi huona kwa shida, tumia mpira mkubwa wa rangi kali. Kwa asiyeona, tia njuga au mbegu kavu ndani ya mpira na wengine wanyamaze. Kwa wa kiti cha magurudumu, hama kutoka mchangani kwenda sakafuni. Ukibadili kanuni, zibadili kwa wote, isiwe kwake tu.

## Maswali ya pembeni

18. Ana miaka saba na ana kipaji cha mpira. Tumpeleke akademi?

Mpeleke akitaka, lakini asicheze mpira peke yake mwaka mzima. Madaktari wa michezo wana kanuni rahisi: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka saba, saa saba, basi. Muda uliobaki apande miti na aogelee.

Na tahadhari na "kipaji" cha umri huo. Wa Januari na wa Desemba wa darasa moja wamepishana karibu mwaka mzima, na mara nyingi tunachokiita kipaji ni miezi kumi na moja ya kukua.

19. UMITASHUMTA na UMISSETA si vinatosha?

Haya ni mashindano ya michezo ya shule za Tanzania, la kwanza la shule za msingi, la pili la sekondari. Ni mazuri na yametoa wachezaji wengi. Lakini yanawachukua walioiva tayari. Na kila tunapopeleka vijeba ili shule irudi na kombe, tunamwambia mtoto wa umri halali kwamba uwanja si wake.

20. Nitampimaje bila vifaa?

Vipo vipimo rasmi. Kanada wana kimoja cha watoto wa miaka 8 hadi 12 kinachopima mwili, hamu na uelewa kwa pamoja. Nyumbani jiulize: anarusha na kudaka? Anasimama kwa mguu mmoja sekunde thelathini? Akiona mchezo mgeni anaingia au anajificha? Siku asipoambiwa acheze, anacheza? La mwisho ndilo ninaloliamini kuliko mengine.

21. Ramadhani je?

Kwa anayefunga, sogeza shughuli karibu na magharibi, iwe nyepesi, na asilazimishwe mbio za mchana. Stadi za mkono na kusawazika zinafaa sana mwezi huu.

22. Mimi mwenyewe sijui kudaka. Nitamfundishaje?

Jifunzeni pamoja, yeye atafurahi kukushinda. Anzeni na kanga: ikunje, irushe juu, idake. Inashuka polepole, haiumi, na haivunji kioo. Ikizoeleka, ifunge fundo. Kisha soksi yenye mchele ndani. Mpira wa kweli uje mwezi wa pili.